Miaka Mitatu Isiyohesabiwa

Kuna kipimo cha zege ambacho hakuna mwanafunzi wa uhandisi ujenzi anayekikwepa. Zege bichi hujazwa kwenye koni ya chuma kwa tabaka tatu, kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni hunyanyuliwa taratibu na zege huachwa lishuke lenyewe. Kiasi lilichoshuka ndicho kinachoeleza kama limezidishwa maji au linafaa kumwagwa kwenye nguzo. Kijana aliyesoma stashahada ya uhandisi ujenzi Arusha, Dar es Salaam au Mbeya amekifanya kipimo hiki chuoni, akakirudia saiti wakati wa mafunzo kwa vitendo, mara nyingi yeye akiwa ndiye aliyeshika fimbo huku mhandisi akiandika namba.

Kijana huyo akichaguliwa kwenda chuo kikuu, anaanza mwaka wa kwanza. Jirani yake darasani ametoka kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na koni hiyo hajawahi kuiona. Wote wawili watasoma miaka minne. Siku ya maabara ya zege ikifika, wote wawili watafundishwa koni ni nini.

Miaka mitatu ya stashahada imemfikisha kijana huyu mlangoni, basi. Ndani ya chuo kikuu hakuna anayeihesabu. Tanzania ilifanya kazi kubwa kuufungua mlango huo, na kazi hiyo inastahili heshima yake. Lakini mlango peke yake hautoshi, na kadiri vijana wengi zaidi wanavyopitia vyuo vya kati ndivyo hasara ya kuwaanzisha upya inavyozidi kuwa kubwa, kwao, kwa wazazi wao na kwa mfuko wa mikopo.

Tuanze na mfumo wenyewe, maana wazazi wengi huusikia juu juu. Elimu ya ufundi nchini imepangwa kwa ngazi 10. Ngazi ya 1 hadi ya 3 ni za ufundi stadi, zile za VETA. Ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 na ya 8 zinampeleka mtu kwenye shahada, na ya 9 na ya 10 ni uzamili na uzamivu. Msimamizi wake ni baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE, ambalo leo linaitwa NACTVET. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, tume iliyotokana na sheria ya mwaka 2005. Kila upande una mwongozo wake na kalenda yake.

Kwa mwenye stashahada, sharti la jumla la kuingia shahada ni ufaulu wa wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne. Halafu kuna AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Bila namba hiyo fomu ya maombi haiendi popote. Waliopita njia hii wanaijua presha yake: dirisha la udahili limefunguliwa, wenzao wa kidato cha sita wameshaomba, na wewe unaingia kwenye mfumo asubuhi, mchana na usiku kutazama kama chuo chako kimeshapandisha matokeo. Chuo kikichelewa, dirisha linafungwa na mwaka umekwenda. Hapa mwanafunzi hana kosa lolote. Ni ofisi mbili ambazo hazikuzungumza kwa wakati.

Tatizo kubwa zaidi linaanza baada ya kuchaguliwa.

Mtazame tabibu. Amesoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, akapangiwa kituo cha afya wilayani. Pale yeye ndiye anayempokea mtoto mwenye degedege saa nane za usiku, ndiye anayeamua nani apewe dawa ya sindano na nani awahishwe hospitali ya wilaya. Baada ya miaka kadhaa anataka kuwa daktari. Kwa kawaida ataulizwa kwanza kama ana angalau D ya fizikia, kemia, biolojia, hisabati na Kiingereza kidato cha nne. Akiwa nazo, na GPA yake inatosha, ataanza shahada ya udaktari mwaka wa kwanza: miaka mitano darasani na wodini, na mmoja wa mafunzo ya utarajali. Jumlisha na mitatu ya mwanzo, ni tisa. Atasoma anatomia upya, atafundishwa upya namna ya kuchukua historia ya mgonjwa na namna ya kugusa tumbo akitafuta ini lililovimba.

Zamani kulikuwa na njia ya pembeni. Tabibu mwenye uzoefu alisoma miaka miwili akawa daktari msaidizi, na madaktari wasaidizi ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya nchini. Akina mama wengi wa vijijini walijifungua salama mikononi mwao. Mafunzo ya kada hiyo yamesitishwa, kwa hoja kwamba nchi inahitaji madaktari kamili. Hoja hiyo naielewa. Lakini ukiiondoa ngazi ya kati ni lazima uisogeze ile ya juu ifikike, na hilo halijafanyika. Tabibu wa leo ana uamuzi mmoja mgumu: aache kazi, aiache familia, akae darasani miaka mitano na watoto waliomaliza shule juzi, au abaki alipo mpaka kustaafu.

Vyuo vikuu vina majibu, na haki inataka yasikilizwe. La kwanza ni kina cha masomo. Mwenye stashahada ya uhandisi anaweza kuwa hodari wa michoro, wa kupima usawa wa ardhi, wa kukunja nondo na kusoma ratiba yake, lakini hisabati yake mara nyingi iliishia mahali ambapo hisabati ya kidato cha sita ndiyo kwanza inachanganya. Akiingia kwenye nadharia ya miundo bila kalkulasi imara, atazama. Nimewasikia wahadhiri wakilisema hili bila dharau yoyote, kwa uchungu wa mtu aliyewaona vijana wenye vipaji wakidisko, yaani wakiondolewa chuoni, mwaka wa kwanza kwa sababu ya somo moja. Jibu la pili ni ubora usiolingana. Vyuo vya kati ni vingi, vingine vina maabara na walimu wa kutosha, vingine vina ubao wa jina na vyumba viwili vya kupanga. GPA ya 3.8 kutoka huku haina uzito sawa na GPA ya 3.8 kutoka kule, na kila mhadhiri anajua hivyo.

Majibu yote mawili ni ya kweli. Ila hakuna hata moja linalosema mwanafunzi arudie kila kitu. Upungufu wa hisabati unatibiwa kwa hisabati. Mpe kozi ya wiki nane kabla muhula haujafunguliwa, ya kalkulasi na aljebra tu, na mtihani mgumu mwishoni. Akifaulu, mwondolee upimaji, michoro, maabara ya zege na karakana, ambazo anazijua, umwingize moja kwa moja mwaka wa pili. Akishindwa, aanze mwaka wa kwanza kama wengine. Wala hesabu yake haihitaji kubuniwa upya, kwa sababu pande zote mbili zinatumia kipimo kimoja: krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 120. Kinachokosekana ni watu kukaa na mitaala miwili mezani, ukurasa kwa ukurasa, na kukubaliana kwamba somo hili la kule ni sawa na somo hili la huku.

Wenzetu wamefanya hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1960 jimbo la California, Marekani, lilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu uliosimamiwa na Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California wakati huo. Chuo kikuu kilipewa kuchagua kutoka moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, vyuo vya jimbo kutoka theluthi ya juu, na vyuo vya jamii vikaachwa wazi kwa kila mtu. Kilichoufanya mpango ule uwe wa haki ni kipengele ambacho hutajwa kwa nadra: vyuo vikuu viliagizwa kuweka wanafunzi wengi zaidi katika miaka miwili ya mwisho kuliko miwili ya mwanzo, kwa uwiano wa 60 kwa 40, ili nafasi ya wanaotoka vyuo vya jamii iwepo hata kabla hawajafika. Leo mwanafunzi wa chuo cha jamii anafungua tovuti iitwayo ASSIST, anachagua chuo alichopo na chuo kikuu anachokitaka, na anaona orodha: kalkulasi yako ya huku ni kalkulasi fulani ya kule. Analijua hilo siku anapojisajili somo, miaka miwili kabla ya kuhama. Sheria ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu: aliyemaliza krediti 60 za mpango maalumu wa kuhama hawezi kudaiwa na vyuo vya jimbo zaidi ya krediti 60 nyingine ili apate shahada. California nako wengi wanaotamani kuhama huishia njiani, na viongozi wa elimu wa huko wanalipigania hilo hadi leo. Lakini anayeishia njiani hakuishia kwa sababu alifichwa ramani.

Scotland nayo ina utaratibu wake. Aliyemaliza stashahada ya juu ya chuo anaweza kuingia mwaka wa tatu wa shahada, pale chuo chake na chuo kikuu vilipoafikiana.

Nimeitaja Scotland kwa sababu ina uzito wake katika historia yetu. Julius Nyerere aliondoka Makerere mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu, maana Makerere ya wakati huo ilikuwa bado haitoi shahada. Akafundisha St Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh na mwaka 1952 akahitimu M.A., ambayo huko ndiyo shahada ya kwanza. Rais wa kwanza wa nchi hii ni zao la njia ya stashahada na kazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifuata fikra hiyo hiyo, likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na likaufungua mlango kwa wafanyakazi.

Na vyuo vikuu vyetu vyenyewe vimezaliwa na ushirikiano. Mwaka 1949 Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, nacho kilikuwa chini ya London. Chini ya utaratibu ule, mitihani ilitungwa na kusahihishwa kwa pamoja kati ya walimu wa huku na watahini wa London, na shahada ilitoka London. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Nyerere. Kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, wa uhandisi Nairobi, na Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar. Mwaka 1970 chuo kile kikagawanyika vitatu, na ilibidi tungoje hadi mwaka 1973 kuwa na kitivo chetu cha uhandisi Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Watu wengi huitazama enzi ya London kama enzi ya kutawaliwa kielimu, na upande huo ulikuwepo. Mimi naona pia njia ya kujenga imani. London haikuamini chuo kipya kwa sababu ya barua ya makubaliano iliyotiwa saini mbele ya kamera. Iliamini kwa sababu watu wake walisoma karatasi za mitihani za wanafunzi wa huku, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakajua alama ya A ya Dar ina thamani gani. Hicho ndicho ambacho chuo kikuu cha leo kinaweza kukifanya kwa chuo cha ufundi jirani yake. Mhadhiri wa Mlimani ashiriki kusahihisha mtihani wa mwisho wa upimaji pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Baada ya miaka mitatu hatakuwa na haja ya kukisia GPA ya 3.8 ina maana gani. Kutoka DIT hadi Mlimani ni mwendo wa mwendokasi mpaka Ubungo na daladala moja.

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekwenda mbali kwenye karatasi. Mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 marais waliokutana Dar es Salaam walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Ni jambo jema. Lakini kazi iliyo ngumu zaidi iko ndani ya mji mmoja, kati ya chuo na chuo.

Njia nyingine iliyopendwa ni kukigeuza chuo chenyewe kuwa chuo kikuu. Nchini Kenya, Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 na vyuo vikuu kamili vya ufundi mwaka 2013. Kwetu Chuo cha Ufundi Mbeya ndicho leo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), na Chuo cha Ardhi ndicho leo Chuo Kikuu Ardhi. Vingine vimeendelea kutoa stashahada sambamba na shahada. Lakini chuo kinapopanda hadhi, bajeti, majengo na walimu bora huanza kuelekea kwenye shahada, na fundi sanifu anabaki mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Nchi inayojenga reli, bwawa na barabara inahitaji mafundi sanifu wengi kwa kila mhandisi mmoja. Chuo kizuri cha ufundi chenye njia iliyonyooka kuelekea chuo kikuu kina faida kuliko chuo kikuu kingine dhaifu.

Tena ushirikiano huu si wa upande mmoja kutoa na mwingine kupokea. Mradi wa EASTRIP, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umewekeza katika vituo vinne nchini: DIT Dar es Salaam kwa TEHAMA, DIT Mwanza kwa teknolojia ya ngozi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kwa usafirishaji na usafiri wa anga, na Chuo cha Ufundi Arusha kwa nishati jadidifu pale Kikuletwa, wilayani Hai. Mwanafunzi wa shahada ya uhandisi umeme anayejifunza umeme wa maji kwenye vitabu anapaswa kupelekwa Kikuletwa akae muhula mzima, na krediti zake zihesabiwe. Fundi sanifu wa pale ndiye atakayemfundisha.

Kuna na wale wanaokwenda kinyume, kutoka chuo kikuu kurudi chini. Kila mwaka wapo wanaodisko mwaka wa pili au wa tatu. Baadhi walilemewa, baadhi waliugua, wengine walikosa ada. Katika mfumo wa NACTVET mtu akiishia ngazi ya 5 anaondoka na astashahada yake mkononi. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefaulu mwaka mzima wa kwanza na nusu ya wa pili mara nyingi huondoka na matokeo yaliyochapishwa kwenye karatasi na deni la mkopo. Akienda chuo cha kati kuanza stashahada, anaanzishwa kama mtoto wa kidato cha nne. Kama krediti ni saa zilizosomwa na kufaulu, saa zile hazikufutika kwa sababu mtihani mmoja ulimshinda. Familia zinazoficha habari hii kwa aibu ni nyingi kuliko tunavyodhani, na kijana anayekaa ndani miaka miwili bila kumwambia mtu angeweza kuwa fundi sanifu mzuri ndani ya mwaka mmoja.

Suala la fedha nalo lina uzito wake. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, katika fani za kipaumbele. Kwa hiyo kuna kijana atakayekopeshwa kusoma upimaji kwenye stashahada, na akifika chuo kikuu atakopeshwa tena kusoma upimaji ule ule. Mwaka mmoja ukiondolewa kwa haki, fedha hiyo inamsomesha mtu mwingine, na mkopaji anaingia kwenye ajira mapema akiwa na deni dogo.

Chuo Kikuu Huria kimeonyesha kwamba tukitaka tunaweza kubuni. Kozi yake ya msingi huwapa wale ambao ufaulu wao wa kidato cha sita au wa stashahada haukufika kiwango nafasi ya kujaribu tena na kuingia shahada. Iliwahi kusitishwa, kisha ikarejeshwa. Wapo waliokuwa katikati ya mipango yao iliposimama, na kwao kila tangazo jipya la masharti lina maana ya miaka ya maisha. Sharti likibadilishwa, wale walioanza chini ya sharti la zamani wamalize chini ya hilo hilo. Mtu aliyejisajili ngazi ya 4 leo atafika mlango wa chuo kikuu baada ya miaka mitatu. Anastahili kujua leo atakuta nini.

Jambo hili lina tarehe. Sera ya elimu iliyofanyiwa mapitio na kuzinduliwa mapema mwaka 2025 imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mkondo wa amali ulishaanza katika baadhi ya shule mwaka 2024. Wazazi waliowapeleka watoto huko waliahidiwa kwamba amali si njia ya waliofeli na kwamba mtoto anaweza kuufuata mkondo huo hadi chuo kikuu. Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 watamaliza kidato cha nne mwishoni mwa 2027. Wakianza stashahada mwaka 2028, mwaka 2031 watakuwa na vyeti vyao na namba zao za AVN, wakiomba shahada. Idara za uhandisi, afya, kilimo na ualimu zina muda wa kutosha kukaa na vyuo vinavyowaletea wanafunzi, kuilinganisha mitaala somo kwa somo, na kuiweka orodha hiyo hadharani kwenye tovuti za TCU na NACTVET. Mahali pa kuanzia ni fani moja, vyuo viwili na muhula mmoja wa kusahihisha mitihani pamoja.